Barua ya wazi kwa chuo changu cha masafa: cheti mlichonitumia nimekirudisha

Nungwi, Kaskazini Unguja
10 Februari 2025

Kwa Mkuu wa Chuo,
Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Chuo,
Dar es Salaam.

YAH: SAA 120 ZA VITENDO ZILIZOANDIKWA KWENYE CHETI CHANGU CHA UKANDAJI

Ndugu Mkuu wa Chuo, shikamoo. Ndugu Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi, nawasalimu kwa heshima.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Hii ni mara ya sita nawaandikia maneno hayo. Mara tano za mwanzo niliyaandika faraghani, kama ilivyo adabu: barua pepe tatu kwa ofisi ya taaluma, moja kwa ofisi ya fedha, na moja ya karatasi niliyoileta mwenyewe mapokezi ikagongwa muhuri wa "imepokelewa" mbele ya macho yangu. Iliyojibiwa ni moja tu, na jibu lenyewe lilikuwa mistari miwili: hongera kwa kuhitimu, cheti chako kiko tayari. Basi hii ya sita naiweka hadharani. Jina la chuo silitaji. Wapo wenzangu waliokwisha tundika vyeti vyenu ukutani na vinawapatia ugali, na sitaki kuwaharibia riziki. Nyinyi mnajijua.

Cheti kilinifikia Novemba mwaka jana kwenye bahasha ya kaki, kimeletwa na boti. Ni kizuri. Karatasi nzito, muhuri wa rangi ya dhahabu, jina langu halikukosewa hata herufi moja. Mstari wa nne unasema kwamba mwenye cheti hiki amekamilisha nadharia kwa masafa pamoja na saa 120 za vitendo chini ya usimamizi wa mkufunzi. Nilikisoma nimesimama barazani, nikakirudisha ndani ya bahasha. Mama akauliza mbona sifurahi. Nikamwambia kimekosewa. Jumatatu iliyopita nimekirudisha kwenu kwa njia ileile ya boti, na risiti ya kifurushi ninayo.

Niseme kidogo habari zangu, maana tumeonana siku mbili tu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkandaji hapa Nungwi. Mwanamke akijifungua, bibi ndiye aliyeitwa kumkanda kwa maji moto mpaka arubaini itoke. Harusi ikikaribia aliitwa kumsinga biharusi, kwa singo aliyoitwanga mwenyewe, ya asumini, mawaridi, liwa na karafuu. Mimi nilikuwa mbeba beseni. Nilipomaliza skuli nikapata kazi hotelini: kwanza kufua mataulo ya spa, halafu kukaa mapokezi ya spa, halafu siku moja mkandaji mmoja akaumwa nikaambiwa ingia wewe. Niliingia na mikono ya bibi. Wageni walisifu, lakini moyoni nilijua kwamba sijui. Bibi aliujua mwili wa mzazi, na hakuwahi kuletewa mzee wa miaka sabini mwenye nyonga ya bandia. Ndiyo maana Januari 2023 nikajisajili kwenu.

Nilichagua masafa kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Nina mtoto, nina zamu sita kwa wiki, na kutoka Nungwi mpaka mjini ni karibu kilomita sitini kwa gari ya 116, hapo boti bado hujaiona. Tangazo lenu lilisema miezi 18, unasoma huku unafanya kazi, nadharia kwa simu, vitendo ana kwa ana. Nikaona kozi imeshonwa kwa kipimo changu.

Na sina ugomvi na masomo ya masafa, hilo mlielewe mapema. Baba yangu mdogo alisoma sekondari kwa vitini vya posta vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Alikuwa akituma majibu, yanarudi yamejaa wino mwekundu, anakasirika, anatuma tena. Chuo Kikuu Huria kinafundisha kwa masafa tangu miaka ya 1990 na kina vituo vyake mikoani. Hata kwenu nimejifunza mengi kwa simu: majina ya misuli ya mgongo, njia ya damu kurudi moyoni, tabaka za ngozi. Mtoto akilala, bando la usiku likiwa rahisi, nilikuwa nasoma mpaka saa nane. Aliyeandika sehemu ile ya mwili namshukuru, na akiisoma barua hii ajue kwamba wino wake haukupotea. Ninacholalamikia ni kwamba mikono yangu haikufundishwa, na nyinyi mmeandika kuwa imefundishwa.

1. Saa ambazo hazikuwepo

Ankara ya ada ninayo. Jumla ni shilingi 1,200,000 kwa awamu nne. Ndani yake 480,000 zimeandikwa "vitendo", maana yake shilingi 4,000 kwa kila saa. Nimelipa zote; awamu ya mwisho nililipa kwa pesa ya mchezo zamu yangu ilipofika.

Kipindi cha kwanza cha vitendo mlikiweka Agosti 2023. Agosti, jamani! Anayeishi Nungwi anajua kwamba Julai na Agosti hoteli zimejaa pomoni, na anayeomba ruhusa wakati huo ni kama anaomba kazi yake apewe mwingine. Nikabadilishana zamu, nikawaahidi watu wawili siku zangu za mapumziko, nikavuka bahari ya kusi natapika njia nzima. Tulikutana wanafunzi 23. Vitanda viwili. Siku mbili, saa nane kila siku, na humo humo mna kujiandikisha, hotuba ya ufunguzi, chai, chakula cha mchana na picha ya pamoja. Pigeni hesabu wenyewe. Kwa siku zote mbili mimi nilimgusa mtu kwa muda usiofika saa moja.

Na saa hiyo moja ndiyo iliyonitia uchungu wa kuandika. Nilikuwa nimeinamia mgongo wa mwenzangu, nakandamiza kwa vidole gumba, mabega yamepanda mpaka masikioni. Mkufunzi akaja nyuma yangu. Hakusema neno. Alinivuta kidogo, akanisimamisha kando ya kitanda mikono ikining'inia, akanikunja ngumi, akanionyesha kwamba kitanda kinanifika kwenye kifundo cha mkono, wakati kinatakiwa kiguswe na ngumi mkono ukiwa umenyooka. Akakishusha matundu mawili. Kisha akaurudisha mguu wangu mmoja nyuma, akanitoa vidole gumba mgongoni mwa yule dada, akaulaza mkono wangu kuanzia kiwiko, akasema: "Usisukume. Egemea." Yalikuwa hayo tu, labda dakika kumi. Mimi kwa mwaka mzima nilikuwa naamka usiku kwa maumivu ya vidole gumba, nadhani ni baridi ya kiyoyozi. Wiki ileile yakaanza kupungua.

Hayo hakuna video itakayonifundisha. Ninaiona video, lakini yenyewe hainioni mimi.

Kipindi cha pili mkakiweka Desemba 2023, msimu mwingine wa wageni. Nikapigana tena na zamu, nikalala mjini kwa shangazi, saa kumi na mbili asubuhi niko kwenye foleni ya boti Malindi na tiketi mkononi, ndipo ujumbe ukaingia kwenye kundi la WhatsApp kwamba kipindi kimeahirishwa. Cha tatu kilikuwa mwishoni mwa Aprili 2024. Huo ulikuwa wakati mzuri kuliko wote, masika, hoteli nyingi zimefunga na sisi tuko nyumbani tunahesabu mvua. Kikafutwa kabisa. Tukaambiwa tutafidiwa kwa video.

Saa 120 kutoa 16 zinabaki 104. Na hizo 16 nimewahesabia pamoja na chai.

2. Mtihani ambao hakuna aliyeutazama

Fidia yenyewe ilikuwa hivi: kila mwanafunzi ajirekodi dakika 20 akimkanda ndugu yake, video aipandishe kwenye intaneti, kisha atume kiungo. Nilimkanda dada yangu, simu nimeiegemeza kwenye sufuria. Kwa kuwa dada alikuwa mgongo wazi, niliifungia video isionekane na mtu yeyote asiye na kiungo, na kiungo niliwapa nyinyi peke yenu.

Siku ya tatu alama zikatoka. Nimepata 82, na maoni ya mkufunzi: "Mbinu nzuri, endelea hivyo." Nikafurahi, nikaenda kwenye ukurasa wa video. Chini yake huandikwa idadi ya waliotazama. Sifuri. Nikasema labda mtandao unachelewa, nikangoja wiki. Sifuri. Leo ninapoandika bado ni sifuri.

Kibaya zaidi, video ile ina kosa. Kwenye mguu nilivuta kwa uzito kutoka pajani kwenda chini kifundoni, kinyume cha kitini chenu chenyewe, kinachosema uzito uelekee moyoni na mkono ukirudi chini uwe mwepesi. Kosa hilo niliona usiku uleule nilipoirudia kwenye simu, nikiwa nimekwisha tuma. Sikulala vizuri. Nilikuwa nangoja kukemewa, na wallahi nilikuwa nataka kukemewa, maana ndicho nilicholipia. Nikapewa 82.

3. Ukurasa uliokosekana kwenye kitini

Kitini chetu cha masaji ya Kiswidi kina kurasa nne nzima za historia. Nimesoma habari za Per Henrik Ling na taasisi yake ya mazoezi ya mwili aliyoianzisha Stockholm mwaka 1813. Nimesoma kwamba ile mikono mitano tunayoijua, kupapasa kwa kuteleza, kukanda kwa kufinya, kusugua, kugongagonga na kutetemesha, ina majina ya Kifaransa ambayo wanahistoria wengi wanayanasibisha na daktari wa Kiholanzi, Johan Georg Mezger. Sikatai, nilifurahia. Kazi inaitwa ya Kiswidi, majina ni ya Kifaransa, mwenye sifa ni Mholanzi, na anayetoka jasho ni Mnungwi.

Lakini kuhusu nani asikandwe, kitini kina sentensi moja tu: "Mkandaji asimkande mtu mgonjwa." Mgonjwa yupi? Wageni hawaingii spa na faili la hospitali kwapani.

Februari 2024 aliletwa kwangu mgeni aliyetua alfajiri ileile kutoka Ulaya, usiku kucha amekaa kwenye kiti cha ndege. Alitaka akandwe miguu tu. Alisema wa kushoto umemuuma tangu wako angani. Nikamlaza, nikafunua taulo. Shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limejaa kuliko la kulia, ngozi imenyooka inang'aa kidogo. Nikadhani ni uchovu wa safari. Nikajimiminia mafuta ya nazi viganjani, nikayapasha kwa kusugua, nikainama.

Kuna dada mmoja Mkenya tunafanya naye kazi, yeye alisomea darasani kwao. Alikuwa ameingia kuniletea mashuka. Akasimama. Akaja akaweka mgongo wa kiganja chake kwenye mguu wa kulia, kisha kwenye wa kushoto. Halafu, huku anamtabasamia mgeni ili asishtuke, akaniambia kwa Kiswahili: "Huo mguu usiuguse. Ufunike, nenda kamwite meneja." Nilipouwekea kiganja mimi ndipo nikasikia moto. Mgeni alipelekwa hospitali mjini, na siku hiyohiyo akaanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda.

Dada yule ndiye aliyenieleza, tukiwa tumekaa nyuma ya stoo ya mataulo. Mtu akikaa sana bila kunyoosha miguu, damu inaweza kuganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu. Ukilikanda bonge lile linaweza kung'oka, likasafiri na damu mpaka mapafuni, na mtu akafa. Dalili zake ni mguu mmoja kuvimba, kuuma na kuwa wa moto. Nilimsikiliza huku mafuta bado yako kwenye vidole vyangu. Nilikuwa nayapangusa kwenye aproni na hayaishi.

Wakati huo nilikuwa mwezi wa kumi na nne wa kozi ya miezi 18. Na hapa petu wageni wengi wanakuja kwa ndege za masafa marefu, wengine wanaweka nafasi ya masaji hata kabla hawajafungua sanduku. Kwa mkandaji wa Nungwi hili lilitakiwa liwe ukurasa wa kwanza. Pamoja nalo yangefuata mengine ambayo nimeyaokota kwa watu, kimoja leo kimoja kesho: mishipa iliyotutumka, shimo la nyuma ya goti, upande wa mbele wa shingo, anayetumia dawa za kuyeyusha damu, mjamzito alazwe vipi, ngozi iliyoungua jua (hiyo kwetu ni ya kila siku), mafuta ya lozi kwa mwenye mzio. Kama ukurasa mmoja na nusu hivi. Mngeweza kuutoa mwaka mmoja wa historia ya Stockholm mkapata nafasi.

4. Namba ya usajili

Hili ni fupi. Nimeuliza mara mbili kozi hii imesajiliwa kwa namba gani, na mara zote jibu ni "chuo kinatambulika". Kinatambulika na nani? Bara kuna Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET. Kuna VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Huku kwetu kuna Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Nipeni namba, mguu wa kwenda kuhakiki ni wangu.

5. Jina la kazi hii

Hili haliko kwenye ankara, lakini kwangu ni zito. Mama yangu mpaka leo akiulizwa binti yako anafanya kazi gani, anajibu "yuko hotelini", anaishia hapo. Neno masaji limechafuka. Nikiweka namba yangu ya kazi mahali, ujumbe wa kwanza unauliza bei na wa pili unauliza kama kuna huduma "nyingine". Wapo wanaume wanaoingia chumbani wakiwa wamekwisha jipa jibu.

Bibi hakupata tabu hiyo. Yeye hakuwa na cheti, lakini kila mwanamke wa mtaa ule alikuwa amepita mikononi mwake au mama yake alipita. Kijiji kizima kilikuwa shahidi. Mimi nakanda watu nisiowajua, wanakaa siku saba wanaondoka. Cheti kwangu kinasimama pahala pa wale mashahidi. Ndiyo maana siwezi kukitundika kikiwa na saa 104 ambazo hakuna aliyeziona. Siku mgeni akiumia mezani kwangu, itaulizwa nani kanifundisha, na mstari wa nne utajibu kwamba ni nyinyi, kwa saa 120. Mmelifikiria hilo kwa upande wenu?

Najua mtakayojibu. Mengine nimekwisha ambiwa kwa mdomo pale mapokezi.

Mtasema kozi ni ya masafa na nilijua tangu mwanzo. Nilijua nadharia ni ya masafa. Kwa vitendo mliandika "ana kwa ana", na mkavitoza peke yake.

Mtasema mimi nafanya kazi spa, kwa hiyo saa zangu za kazini ni vitendo tosha. Hili lina ukweli ndani yake, na lingeweza kuwa njia nzuri. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani au kazini anapewa cheti bila kurudishwa darasani miaka miwili. Lakini fundi huyo anapimwa kwanza. Anakuja mtu anamtazama akifanya kazi. Nyinyi hamjawahi kupiga hata simu hotelini kuuliza kama kweli nipo. Na cheti chenu kinasema "chini ya usimamizi wa mkufunzi". Mkufunzi wa nani, yule dada Mkenya? Kama ni yeye, basi zile 480,000 mpelekeeni.

Mtasema wenzangu hawalalamiki. Wanalalamika sana, ila kwenye kundi lile msilokuwemo. Wanaogopa cheti kitacheleweshwa. Mimi changu nilikuwa nimekwisha kipata, sina cha kucheleweshewa.

Mtasema kuleta wakufunzi na vitanda Zanzibar ni gharama. Nimelifanyia kazi hilo. Hoteli yetu masika spa inakaa bure, ina vitanda vitatu vinavyopanda na kushuka, na meneja amekubali kwa mdomo kuwapa chumba bila malipo, mradi mkufunzi awaonyeshe na wafanyakazi wake wawili. Tuko wanafunzi wenu saba upande huu wa bahari. Mkufunzi mmoja, nauli moja ya boti. Sisi tutamlaza na kumlisha, na samaki wa Nungwi mnawajua.

Na pengine atatokea wa kusema ninadai makubwa kuliko hali ya nchi. Jimbo la New York, Marekani, linataka mkandaji awe na saa 1,000 za masomo kabla ya kupewa leseni, na Texas linataka 500. Mimi sidai za New York wala za Texas. Nadai zile mlizoniandikia nyinyi, kwa mkono wenu, kwenye ankara yenu.

Ama kuhusu ule msemo ulioko chini ya fomu, "ada ikilipwa hairudishwi", nauelewa kwa mwanafunzi aliyeacha masomo. Mimi sikuacha. Somo ndilo lililoniacha gatini.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, ninaomba haya:

(a) Saa 104 zilizobaki zifundishwe, na mkufunzi akiwa na sisi chumbani, kati ya Aprili na Mei mwaka huu, Zanzibar au popote mtakapoona panafaa, mradi ratiba itoke mwezi mmoja kabla na isiahirishwe kwa WhatsApp alfajiri. Kama haiwezekani, nirudishiwe shilingi 416,000, ambazo ni zile saa 104 kwa bei yenu wenyewe ya 4,000.

(b) Mtihani wa vitendo ufanyike upya mbele ya mkufunzi, mwili wa mtu ukiwa kitandani. Ile 82 ifuteni. Nikipata 50 nitaipokea.

(c) Cheti kiandikwe upya kikiwa na saa zilizofanyika kweli, ziwe ngapi ziwavyo. Nikipewa cheti chenye saa 16 nitakitundika.

(d) Ukurasa wa watu wasiofaa kukandwa uingizwe kwenye kitini kabla hamjapokea kundi jipya la wanafunzi. Hili halina gharama, na kama mwandishi hana muda, yule dada amesema yuko tayari kukaa na mimi tuuandike, nyinyi mkague.

(e) Namba ya usajili wa kozi itolewe kwa maandishi kwa kila mwanafunzi aliyekwisha lipa.

Nawapa siku 30 kuanzia tarehe ya barua hii. Zikipita kimya, nakala ya barua hii pamoja na ankara, risiti nne za malipo, picha ya ule ukurasa wenye sifuri na barua yenye muhuri wenu wa "imepokelewa" zitakwenda NACTVET na Tume ya Ushindani, ambayo inashughulikia haki za walaji. Bado natamani nisifike huko. Mkufunzi yule wa Agosti 2023 ni hazina. Mkimtuma yeye, nusu ya malalamiko yangu itaishia hapo hapo kitandani.

Ratiba ya hoteli imekwisha bandikwa ubaoni. Niko likizo kuanzia tarehe 14 Aprili mpaka mwisho wa Mei. Mkiniita Dar, naipanda boti ya saa moja asubuhi. Mkija Nungwi, shukeni Malindi, ulizeni gari ya 116, kituo cha mwisho. Mwanangu atakuja kuwapokea, na vitanda nitakuwa nimekwisha vishusha.

Wenu katika masomo,

Mwanafunzi wa masafa, kundi la Januari 2023
(jina na namba yangu mnazo kwenye bahasha ya kaki)